Nani Aliua Kifo Kwenye Gemu za Vita?

Niseme mapema, ndio wenye kukasirika waanze kuchapa mapema: gemu ya vita ambayo hakuna mtu wako anayekufa kabisa ni drafti iliyovalishwa nguo nzuri.

Nazungumzia zile gemu za kupokezana zamu. Wewe unasogeza watu wako mmoja mmoja kwenye miraba, unamaliza, adui naye anasogeza wake, na ukipiga hesabu vibaya kuna mtu analala. Fire Emblem, X-COM, Jagged Alliance, Darkest Dungeon na ndugu zao. Kwa miaka mingi hizi gemu zilikuwa na sheria moja iliyozitenga na zingine zote: mtu wako akifa, amekufa. Harudi misheni ikiisha, hakuna dawa ya kumnunulia. Jina lake linatoka kwenye orodha na wewe unaendelea na waliobaki.

Leo sheria hiyo ni swichi tu kwenye menyu. Unaizima hata kabla gemu haijaanza. Na kila nikiandika kitu kuhusu Fire Emblem lazima kuna mse atakuja kuniambia ati Nintendo ndio waliua kifo cha kudumu, ati walitaka kufurahisha watoto. Nimeifuatilia hii stori mpaka mwanzo wake na naona lawama imeangukia mtu mwingine kabisa. Kifo cha kudumu kilikuwa mahututi tangu siku ya kwanza, na waliokikaba koo ni sisi wenye pedi mkononi.

Tuanze mbali kidogo, mbali na kompyuta. Nenda steji yoyote mchana biashara ikiwa chini, utapata watu wanacheza drafti ya vifuniko vya soda. Kete ikiliwa inatolewa ubaoni na hakuna anayeilia, kwa sababu kete haina jina. Bao la Waswahili liko hata mbele zaidi: ukila kete za mwenzako hazitoki ubaoni, unazimwaga kwenye mashimo yako na zinaanza kukupigania wewe. Kete 64 mnaanza nazo, 64 mnamaliza nazo. Hapo hata kifo hakuna, kuna kuhama timu tu.

Gemu za vita za Ulaya nazo zilianza hivyohivyo, bila majina. Mwaka wa 1824 ofisa mmoja wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alionyesha wakubwa wake mchezo wa mezani ulioitwa Kriegsspiel, wa kufundishia maofisa vita kabla ya vita. Kipande kimoja kilisimamia kikosi kizima, dadu zikirushwa kikosi kinapungua. Wanaokufa ni hesabu. Miaka karibu 150 baadaye mambo bado yalikuwa hayo: kwenye Chainmail, kitabu cha sheria kilichotoka Marekani mwaka wa 1971, kikaragosi kimoja mezani kilihesabiwa kama watu 20. Lakini kitabu hicho kilikuwa na sheria zingine pia, za mtu mmoja dhidi ya mtu mmoja. Na mwaka wa 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, walishika huo upande wa mtu mmoja wakampa jina, kazi, na karatasi yake mwenyewe yenye nambari zake. Akifa, unachukua karatasi nyingine.

Hapo ndipo kipande kikageuka mtu. Na papo hapo shida ikaanza, kwa sababu mtu huwezi kumwacha ubaoni kama kifuniko cha soda.

Kompyuta zilipoingia, wa kwanza kuwa wakali walikuwa wanafunzi. Rogue ilitengenezwa karibu mwaka wa 1980 na Michael Toy na Glenn Wichman huko California. Ulikuwa unaweza kuseivu ukaenda kulala, lakini ukirudi, gemu inafungua faili yako na kuifuta papo hapo. Kwa hivyo ukifa hakuna mahali pa kurudi. Mwaka uliofuata, 1981, wanafunzi wengine wawili, Andrew Greenberg na Robert Woodhead, wakatoa Wizardry kwenye kompyuta ya Apple II. Hapa unaongoza watu sita ndani ya shimo la giza. Wakifa wote, miili yao inabaki kule chini mpaka utume kikosi kingine kikaichukue. Ukimpeleka maiti hekaluni, makuhani wanaweza kumfufua kwa malipo, au wakashindwa akageuka majivu. Wakishindwa tena kwa yale majivu, basi, amefutika.

Na gemu haikungoja ukubali. Kifo kikitokea kinaandikwa kwenye diski hapohapo. Sasa wachezaji walifanya nini? Wakiona mambo yameharibika, walichomoa diski kabla mashine haijamaliza kuandika! Wengine walianza kuweka nakala ya diski pembeni kabla ya kila safari. Huu ni mwaka wa 1981. Nintendo bado haijatoa hata Famicom. Mtoto aliyedekezwa wa siku hizi, yule tunayemlaumu kila siku, alikuwa hajazaliwa, na mzazi wake labda pia hajazaliwa.

Wizardry ilipendwa sana Japani, na Japani ndiko kifo cha kudumu kilipokutana na gemu za mbinu. Mwaka wa 1988 kulikuwa na Famicom Wars, gemu ya vita ambayo unanunua askari na vifaru kiwandani, vikipasuka unanunua vingine. Shouzou Kaga, wa Intelligent Systems, alitaka kitu tofauti: gemu ya vita ambayo mchezaji atawajali wale anaowatuma mbele. Tarehe 20 Aprili 1990 ikatoka Fire Emblem ya kwanza. Kila askari ana jina, uso, na njia yake ya kuingia kwenye jeshi lako. Mmoja unamkuta jela, mwingine ni haramia ambaye lazima umtume msichana fulani akaongee naye kwanza. Marth, yule mwana wa mfalme, akifa gemu imeisha. Wengine wakifa unaendelea bila wao. (Wataalamu, najua, karibu na mwisho kuna fimbo ya kufufua mtu, na binti mfalme mmoja tu ndiye anayeweza kuitumia. Tulieni.)

Watu husahau kitu kimoja hapa. Kaga hakutaka ufike mwisho na kila mtu akiwa mzima. Gemu hiyo ina wahusika zaidi ya 50 wa kuingia jeshini, na kwenye misheni moja unatumia wachache tu. Hao wengine wa nini? Ni wa kuziba mapengo. Ukipoteza mpanda farasi sura ya tatu, mbele kidogo kuna mpanda farasi mwingine anakungoja. Na mwaka wa 1996, kwenye Genealogy of the Holy War, Kaga alienda mbali zaidi: katikati ya gemu hadithi yenyewe inachinja kizazi cha kwanza, halafu watoto wao wanachukua vita, wakirithi silaha na damu ya wazazi. Na kama mwanamke fulani alikufa au hakuolewa, watoto wake hawazaliwi, na mahali pao wanakuja vijana wengine kabisa, wa kawaida, bila urithi wowote. Fikiria hiyo kazi. Mtu ameketi akaandika watu wa kuziba nafasi ya watoto ambao hawakuzaliwa kwa sababu wewe ulimwacha mama yao mbele ya mishale.

Lakini Famicom ilikuwa na kitufe kikubwa kimeandikwa RESET. Na ndicho kilichotumika. Mtu amecheza sura saa nzima, mpiga mishale wake anakufa zamu ya mwisho, anabonyeza, anaanza sura upya. Adhabu ikahama. Haikuwa tena kumpoteza mtu, ilikuwa kupoteza saa yako moja. Mpaka leo ukimuuliza shabiki wa Fire Emblem amewahi kumwacha mtu akafa akaendelea, wengi watakuangalia kama umewauliza kama huwa wanatupa chakula.

Sasa linganisha na Uingereza.

Mwaka wa 1994 Julian Gollop na ndugu yake Nick walitoa UFO: Enemy Unknown, ambayo Marekani iliitwa X-COM: UFO Defense. Viumbe kutoka nje wanavamia dunia na wewe unaendesha jeshi la siri la kuwazuia. Askari mpya anagharimu dola 40,000, jina lake linachaguliwa na kompyuta. Ndege yako inabeba hadi watu 14. Inatua usiku kwenye shamba la mtu, mlango unafunguka, ngazi inashuka, na yule wa kwanza kushuka mara nyingi hafiki chini. Wachezaji waligundua haraka nani anafaa kuwa wa kwanza kushuka: aliyeajiriwa jana. Wengine walimpa grunedi peke yake, bunduki wakaibakisha nyuma, isije ikaharibika bure.

Watu walikufa kama kumbikumbi na wachezaji wakaendelea. Na hii inanifurahisha kila nikiikumbuka: gemu hiyo ilikuwa na hitilafu iliyorudisha kiwango cha ugumu mpaka kile cha chini kabisa, kimyakimya. Kwa hivyo kuna mashujaa waliolalamika ati ni rahisi sana kumbe walikuwa kwenye kiwango cha wanaoanza bila kujua, na watengenezaji, nao bila kujua, wakaisikiliza hiyo kelele na kuifanya Terror from the Deep ya 1995 kuwa ngumu ya kuua mtu. Lakini hata kwenye kile kiwango cha chini, makaburi yalijaa.

Kwa nini mchezaji wa X-COM alikubali kifo na wa Fire Emblem akakataa? Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Si ati Waingereza wana roho ngumu. Ni kwamba kwenye X-COM yule aliyekufa hakuwa ameandikiwa kitu chochote cha kusema kesho. Gemu haikuwa na mpango naye. Stori yake yote ilikuwa kichwani mwako, na ilimalizika pale alipoanguka. Yule wa Fire Emblem ana mistari inamngoja sura ya kumi. Ukimwacha afe, kuna sehemu ya gemu uliyoilipia ambayo hutaiona kamwe. Kwa hivyo unamrudisha, na sidhani ni kwa huruma tu.

Na ukiangalia miaka inavyosonga, kila mara watengenezaji walipowapa wahusika maneno zaidi, kifo kilizidi kukosa nafasi. Mwaka wa 2002 Fire Emblem ya Game Boy Advance ilianza mazungumzo ya urafiki kati ya askari: wawili wakikaa karibu vitani kwa muda, wanafungua stori zao. Tamu kweli. Lakini sasa kila askari ni nusu ya mazungumzo kadhaa. Akifa, anakufa na nusu ya stori za wenzake. Nani atakubali?

Huku kwetu wengi ninaowajua walikutana na hizi gemu za Game Boy Advance kwa simu, kupitia emuleta. Mimi pia, Sacred Stones, kwenye simu ambayo kioo chake kilikuwa kimepasuka kona moja. Na emuleta ina seivu yake yenyewe: unaseivu popote, hata sekunde moja kabla shoka halijakushukia. Kwa hivyo kizazi kizima cha mashabiki wa hapa hakikuwahi kuonja ile sheria hata kidogo. Tulisoma maneno ya mwisho ya wahusika kama vile unasoma onyo kwenye pakiti: sawa, nimeona, rudisha.

Kuna waliojaribu njia za katikati, na baadhi naziheshimu. Cannon Fodder ya 1993 ilikuwa ya kupigana mbio, si ya zamu, lakini kila askari alikuwa na jina, wa kwanza wakiwa Jools na Jops, na kati ya misheni unaona kilima: makurutu wamepanga foleni wakingoja kuandikishwa, na juu yao makaburi yanaongezeka. Ilizua kelele Uingereza kwa sababu ya ua jekundu la kumbukumbu ya mashujaa kwenye jalada lake. Final Fantasy Tactics ya 1997 ilimpa aliyeanguka hesabu ya zamu tatu, usipomfikia anageuka jiwe la kung'aa. Valkyria Chronicles ya 2008 nayo ilisema hivi: mwenzako akianguka una zamu tatu za kumkimbilia na kumwitia daktari, lakini adui akimgusa kwanza, kwaheri. Hizi ni nzuri kwa sababu kifo kinakuwa mbio. Unaacha lengo la misheni unakimbia kumchukua mtu, na mara nyingine unampoteza wa pili ukimfuata wa kwanza.

Lakini bingwa wangu ni Jagged Alliance 2, ya 1999, kutoka kwa Sir-Tech, jina lilelile lililouza Wizardry na hekalu lake la majivu. Hapa askari ni watu wa kukodi. Unafungua kompyuta ya mkononi ndani ya gemu, unaangalia picha na sifa zao, unawapigia simu, mnakubaliana siku na bei. Wengine unawalipia amana ya matibabu. Kuna hadi kampuni ya bima ya maisha, unaweza kumkatia bima mtu wako kabla hujamtuma mahali ambapo unajua vizuri kwamba ni pabaya! Na kila mmoja ana sauti, tabia, marafiki na maadui. Rafiki yake akifa, morali yake inashuka. Halafu sasa: ukiwa na sifa ya kuua watu wako, baadhi ya wale wazuri wanakataa kazi yako. Unapiga simu, wanakwambia hapana. Mwajiri ambaye watu wake hawarudi nyumbani anajulikana mjini.

Mimi hiyo naiona kali kuliko kaburi lolote. Gemu haikuzuii kurudisha seivu. Lakini imekuwekea dunia ambayo inakumbuka, na waliokufa wana uzito hata baada ya kutoka kwenye orodha.

Upande wa pili wa hilo ni Darkest Dungeon ya 2016. Hii inajiseivu yenyewe kila wakati, kwa hivyo kile kitufe chetu cha mwaka wa 1990 hakifanyi kazi. Shujaa akifa anaenda makaburini. Watu huisifu kwa huo ukali, na ni kweli inauma wiki ya kwanza. Lakini kila wiki gari la farasi linaleta mashujaa wapya bila malipo. Na mchezaji akielewa hivyo, ona anavyobadilika: anachukua wanne waliofika leo, anawatuma shimoni bila mwanga wala chakula cha kutosha, wakitoka na dhahabu wakiwa wamechanganyikiwa kichwa, anawafukuza badala ya kuwalipia matibabu. Ni rahisi kuleta wengine. Yeyote aliyewahi kuona mahali pa vibarua panaendeshwa vipi, pale getini kila asubuhi kuna watu wengi kuliko kazi, anaijua hiyo hesabu bila kufundishwa. Kifo pale ni cha kudumu na hakina uzito wowote. Nadhani watengenezaji walijua wanachosema. Sina uhakika wachezaji wote walisikia.

Turudi kwa Fire Emblem, kwa sababu mwisho wake ni vichekesho kidogo. Mwaka wa 2008 ile gemu ya kwanza ilitengenezwa upya kwa Nintendo DS ikaitwa Shadow Dragon. Watengenezaji waliona watu wanarudisha kila kifo, wakaamua kuwalazimisha. Mwanzoni kabisa, ukicheza kiwango cha kawaida, lazima uchague mmoja wa wenzako awe chambo ili Marth atoroke. Wengi humchagua Frey, na hadithi yenyewe inamkubali yeye. Na kuna sura za ziada ambazo hazifunguki kama watu wako walio hai ni zaidi ya 15. Yaani waliotunza kila mtu kwa miaka 18 wakaambiwa: mkitaka kuona kila kitu, anzeni kuua. Mashabiki wakafanya nini? Wale wa kutaka kumaliza kila kitu walipanga mauaji. Waliwapeleka wasiowapenda mbele ya adui, wakawavua silaha kwanza ili zisipotee, kisha wakamaliza zamu. Hakuna aliyejifunza kukubali hasara. Walijifunza kupunguza wafanyakazi.

Miaka miwili baadaye, 2010, gemu iliyofuata, New Mystery of the Emblem, ilitoka Japani peke yake, na ndiyo iliyoleta ile swichi ya kwanza ya kuzima kifo. Wengi hulaumu Awakening ya 2012. Hapana, Awakening iliikuta. Na kwenye hiyo New Mystery, kumbe Frey yuko hai! Yule chambo. Anaingia jeshini kama kawaida.

Awakening yenyewe ilitengenezwa ikijulikana kwamba isipouza kopi 250,000 mfululizo wote unafungwa. Ilipita milioni. Baada ya hapo hakuna aliyerudi nyuma. Fates ya 2015 iliongeza kiwango ambacho aliyekufa anaamka zamu inayofuata, sijui hata tuite nini, usingizi wa mchana. Kuanzia Shadows of Valentia ya 2017, kisha Three Houses ya 2019 na Engage ya 2023, unapewa uwezo wa kurudisha wakati nyuma vitani, mara chache kwa kila vita. Tactics Ogre ilikuwa imefanya hivyo mwaka wa 2010, hadi hatua 50 nyuma. Ukifikiria vizuri, ni kile kitufe cha RESET tu. Wamekichukua kutoka kwenye mashine, wakakiweka ndani ya hadithi, wakakipa jina la mungu wa kike.

Na kuna Fire Emblem Heroes, ya simu, 2017. Huko hakuna kifo kabisa, na sababu haihitaji mjadala: unalipa pesa kupata nafasi ya kumvuta mhusika unayempenda. Hakuna kampuni itakayokuuzia mtu halafu imuue kwa sababu ulihesabu miraba vibaya. Hiyo ndiyo gemu ya simu iliyoiingizia Nintendo pesa nyingi kuliko zingine zake zote. Mhusika alianza kama kipande, akapewa jina, akapewa maneno, mwishowe akawekewa bei. Kila hatua ilimfanya awe ghali zaidi kumpoteza, na sisi ndio tuliokuwa tukiomba kila hatua.

Kwa hivyo kifo cha kudumu bado kinaishi wapi? Kwangu, kwenye XCOM ya Firaxis ya 2012, iliyoongozwa na Jake Solomon. Gemu haimwandikii askari stori, lakini inakupa nafasi ya kumpa jina, nywele, rangi ya nguo. Nchi za Afrika kwenye lile baraza lao ni Misri, Nigeria na Afrika Kusini tu, kwa hivyo Wakenya wote wa kikosi changu ni Wanigeria niliowabadilishia jina. Pia gemu inakumbuka nambari zake za bahati: risasi ikikosa, ukirudisha seivu na kupiga vilevile, inakosa vilevile. Baadaye waliweka chaguo la kuzima hilo, wakaliita kwa lile jina la dharau ambalo wachezaji wenyewe hutumia kwa watu wa kurudisha seivu. Na kuna Ironman: faili moja, inajiseivu yenyewe, ulichofanya umefanya. (Omba tu stima isipotee ikiwa katikati ya kuandika. Huo ndio uvamizi wa kweli.)

Likizo moja binamu yangu alikuja kwetu akanikuta na hiyo kampeni ya Ironman. Nikampa askari mmoja jina lake, akaanza kumchezesha mwenyewe. Alidumu misheni tano, akapanda cheo, akapata jina la utani. Misheni ya sita akamficha nyuma ya gari lililokuwa linawaka, na yeyote aliyecheza anajua magari yanayowaka kwenye XCOM hufanya nini zamu ikiisha.

"We, rudisha."

"Hakuna kurudisha."

"Si kuna seivu?"

"Ndiyo hiyo. Imeshaandika."

Akanyamaza. Tulipomaliza misheni nikamfungulia ukuta wa kumbukumbu kule kambini, jina lake liko pale, misheni ngapi, ameua wangapi. Alisoma polepole kama mtu anasoma matokeo ya mtihani. Kisha akaniuliza bunduki yake anapewa nani.

Tulibishana karibu nusu saa juu ya hilo. Yeye alitaka apewe yule dada wa kutoka Misri, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu naye alipokufa. Mimi nilikuwa na mtu mwingine mwenye shabaha nzuri zaidi kwa asilimia kadhaa. Tulimpa dada.

Kama una askari uliyempoteza ukakataa kumrudisha, andika jina lake hapo chini. Gemu gani, na alikufaje. Wale wa emuleta, mtapita tu kimya.